Chama chetu Nairobi kinataka kununua nissan ya kupeleka wazee kliniki ushago, mnaonaje?

mwana_wa_ikutha:

Wadau habari za jioni. Naombeni maoni yenu kabla ya mkutano wa Jumapili, juu najua watu wakishaanza kuchanga hakuna mtu atasikiliza mwingine tena.

Iko hivi. Sisi watu wa Kitui Kusini tunaofanya kazi hapa Nairobi tuko na chama, tunakutana Umoja kila mwezi, na kazi yake miaka yote imekuwa matanga, harusi na karo ya mtoto mmoja mmoja. Sasa kumeingia maneno ya usafiri kule nyumbani, juu karibu kila mtu kwa chama ako na mzazi anaenda kliniki ya presha ama sukari, na kila mwezi simu ni ileile, "mwanangu nitumie ya gari". Unatuma. Jioni unapigiwa unaambiwa gari ilikosa kujaa ikachelewa kutoka, akafika daktari ameshaondoka, ameambiwa arudi wiki ijayo. Basi unatuma tena ya wiki ijayo. Wale wa Inua Jamii, ile pesa ya serikali ya wazee, wanapata elfu mbili kwa mwezi, piga hesabu ni safari ngapi hapo.

Lami iko, siwezi danganya, ile ya kutoka Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo mpaka Kitui ni safi kushinda barabara kadhaa za hapa mjini. Shida ni kutoka bomani mpaka ufike kwa hiyo lami. Mamangu anakaa ndani kabisa, huko ni mguu ama boda, na nyonga yake ilishakataa boda, anabebwa upande kama gunia la pojo na akishushwa inabidi ashikiliwe kwanza ndio asimame. Mvua ikinyesha ile mito ya mchanga inajaa na hakuna kitu inapita.

Halafu kuna jirani yetu wa dialisisi, mara mbili kwa wiki, Kitui mjini. SHA, bima ya afya ya serikali, inalipia mashine lakini nauli hakuna mtu analipa. Walianza na mbuzi, wakaziuza zikaisha, sasa wako kwa ng'ombe.

Wazo la chama ni tununue nissan ya watu kumi na wanne, mtumba, tuweke dereva, iwe inazunguka ikibeba wazee wetu. Mimi sipingi ila roho haitulii. Kuna mtu amewahi kuona usafiri wa mashambani ukipangwa na ukakubali? Nataka kitu ya kusema Jumapili isiyokuwa tu "haitawezekana".

---

konda_mstaafu:

Kaka msinunue hiyo gari. Nimekuwa kwa mlango wa nissan miaka mingi, barabara za kutoka hapa kwenda upande wa Ukambani, sasa niko na kiduka Eastleigh na miguu yangu inanishukuru, kwa hivyo niskize kidogo.

Kwanza hiyo nissan ikitaka kubeba watu wa kulipa inahitaji leseni ya PSV, yaani ya kubeba abiria, kutoka NTSA wale wa usalama barabarani, ikaguliwe, ipate bima ya abiria, iwekwe kidhibiti mwendo, dereva awe na beji. Na huwezi kuiendesha peke yako, lazima iwe chini ya sacco ama kampuni, na sacco yenyewe kwa sheria inataka gari zisizopungua 30. Kwa hivyo mtaingia kwa sacco ya watu, mlipe kila siku, mfuate foleni yao ya steji. Hapo gari si yenu tena, ni ya steji.

Pili dereva. Nyinyi mko Umoja, yeye ako Mutha huko kwenu na tangi imejaa mafuta. Siku ya kliniki ni moja kwa wiki, hizo siku zingine sita unafikiri gari inalala? Itabeba pojo, itabeba matanga, itapigwa skwodi na vijana, wale wa kumshikia dereva gari, na wakati shafti imeisha mtaambiwa ni barabara mbaya.

Sasa hiyo maneno ya "gari haikujaa". Watu hufikiri ni ukora wa makonda. Si ukora, ni hesabu. Mafuta ya kwenda na watu sita ni yale yale ya kwenda na kumi na wanne. Chukua mfano tu, tuseme nauli ni mia tatu, gari ikijaa ni 4,200, ikiwa na watu sita ni 1,800, na hapo bado kuna mwenye gari anangoja yake, kuna sacco, kuna wale wa njiani ambao sitawataja. Utaondoka? Hutaondoka. Utakaa hapo unaita mpaka saa tatu.

Na kuna jambo lingine watu wa mjini hawalioni. Ushago gari zinaenda mjini alfajiri na kurudi alasiri, juu hivyo ndivyo watu wa soko wanavyosafiri. Hospitali nayo inaanza kuona watu saa mbili, saa tatu, foleni ya daktari, foleni ya maabara, foleni ya dawa. Mgonjwa anamaliza saa tisa na gari yake imeondoka saa nane. Hizo ratiba mbili hazijawahi kusalimiana hata siku moja. Nissan yenu ikija itaingia katikati ya hizo ratiba na itakwama vilevile.

---

kijana_wa_kitengela:

Si mwambie tu MCA wenu, yule mwakilishi wa wadi. Hiyo ni kazi ya kaunti.

---

nilikuwa_ng'ambo:

@kijana_wa_kitengela ni kweli ni kazi ya kaunti, Katiba imeandika kwa Jedwali la Nne, barabara za kaunti na uchukuzi wa umma wa barabarani ziko chini ya kaunti. Lakini mama wa kaka yetu ana kliniki mwezi huu, si uchaguzi ujao.

@mwana_wa_ikutha pole sana kwa mama. Mimi nilikaa Marekani, jimbo la New Hampshire, nikihudumia wazee majumbani, nikarudi, sasa niko Rongai. Wacha nikuambie kitu ilinishangaza. Watu hufikiri Marekani yote ni New York. New Hampshire ni misitu na vilima na vijiji vidogo vidogo. Sensa ya 2020 ilihesabu watu kama milioni 1.38, kwa eneo la kilomita za mraba elfu 24 hivi. Kitui kwa sensa yetu ya 2019 ni watu milioni 1.14 kwa eneo la zaidi ya elfu 30. Kumaanisha kaunti yenu ni kubwa kuliko jimbo lile lote, na watu si wachache sana kuwashinda. Na wazee wa kule wana shida ileile, mzee akinyang'anywa leseni ya kuendesha kwa sababu ya macho amekwama kwa nyumba, matatu haipiti, boda hakuna, jirani ako maili mbili.

Na gari zilikuwepo! Hiyo ndiyo ilikuwa inaniuma. Kuna gari la kituo cha wazee, gari la walemavu, gari la wanaoenda kazini, gari la wale Medicaid inawalipia waende hospitali, Medicaid ni bima ya serikali ya wasiojiweza, na yenyewe sheria inailazimu ihakikishe mgonjwa anafika hospitali, kwa hivyo yule wa dialisisi kule safari yake inalipiwa. Lakini kila gari na pesa yake na masharti yake. Unakuta gari la wazee linapita nje ya nyumba ya kijana mlemavu likiwa na viti vitatu tupu na haliwezi kumbeba, na wote wanaenda mji uleule. Si New Hampshire pekee. Wakaguzi wa serikali kuu yao walihesabu 2003 wakapata programu 62 tofauti zinazolipia usafiri wa watu, wakahesabu tena 2012 wakapata 80. Themanini, na jirani bado hana gari.

Kwa hivyo walichofanya hawakukimbilia kununua magari. Mwaka wa 2004 rais wao Bush alitia sahihi agizo la kuunda baraza la wizara zote zinazohusika ziketi pamoja, halafu sheria ya 2005 ikaja na meno, ikasema pesa ile ya magari ya wazee na walemavu haitoki mpaka eneo lenu liwe na mpango mmoja mlioandika pamoja. New Hampshire wenyewe 2007 wakaunda baraza la jimbo la kuratibu, na chini yake mabaraza ya kila eneo, mle ndani unakuta hospitali, wenye magari, watu wa wazee, watu wa walemavu, meza moja. Mzee anapiga simu siku kadhaa kabla, anasema nina daktari Alhamisi saa nne, mtu wa simu anaangalia nani anaenda upande ule.

Sitakuficha, haikuwa mbinguni. Jioni na wikendi ilikuwa ngumu kupata safari. Na sehemu kubwa ilibebwa na watu wa kujitolea, mstaafu na gari lake mwenyewe, anarudishiwa pesa kidogo ya mafuta. Sasa sheria ya kodi yao inahesabu maili ya kujitolea kwa senti 14, na hiyo 14 imekaa hapo tangu 1998, wakati maili ya kazi ya biashara 2024 ilikuwa senti 67. Mtu anajitolea mpaka anachoka, halafu wale wanaojitolea nao wanazeeka, unakuta dereva ana miaka 78 anampeleka wa 80. Lakini kile kitu cha mtu mmoja kushika simu na kujua nani anaenda wapi, hicho nilikiona kwa macho kikifanya kazi, na hicho hakihitaji pesa ya Marekani.

---

mwalimu_wa_zamu:

Dada umesema vizuri. Na mimi naongeza, hebu tuhesabu gari zilizoko ushago kabla hatujaleta ingine. Basi la sekondari, lile la manjano, limenunuliwa na wazazi, linatoka siku ya drama na siku ya mpira na wikendi linaazimwa matangani. Gari la kanisa. Gari la mradi wa maji. Landkruza ya kaunti inayoenda Kitui kila Jumatatu na dereva peke yake na gazeti. Lori la duka la jumla. Probox, zile gari ndogo za kubeba watu na mizigo, kumi na tano kwa kila soko. Zote zinapita barabara moja na hakuna anayejua ya mwingine.

Lakini hapo kuna mtego. Basi la shule na gari la kanisa halina leseni ya kubeba abiria wa kulipa. Siku ukitoza nauli na gari ipate ajali, bima itawakana peupe na mwenyekiti wa kanisa ndiye atakuwa kortini. Nimeona hiyo kesi ikitesa watu, sitasema wapi. Kwa hivyo hizo zitumieni pale ambapo hakuna nauli, yaani chama kinaongea na bodi ya shule, kinakodisha basi zima kwa maandishi, na mzee haulizwi hata shilingi mlangoni, na hata hivyo mwambieni mtu wa bima kwanza mpate jibu kwa karatasi.

Probox ndio usiniulize. Watu tisa, kumi, mmoja amekalia gia. Lakini bila probox huko ndani hakuna anayetoka, tuseme ukweli.

---

konda_mstaafu:

@mwalimu_wa_zamu tisa ni wachache, hujaona siku ya soko.

---

pendo_wa_kayole:

Mimi natumia kiti cha magurudumu, na nikiona watu wanapanga usafiri huwa nangoja nione watanitaja wakifika aya ya ngapi. Mmefika majibu matano, na dada wa Rongai ametaja walemavu wa Marekani. Wa Kitui je?

Sisemi kwa ubaya. Ila mjue tu venye inakuwa. Nikifika steji konda anaangalia kiti kabla aniangalie mimi. Kuna atakayesema "hiyo ni ya mzigo", nilipe nauli mbili, yangu na ya kiti. Kuna atakayenibeba bila kuniuliza, mikono kwapani, watu wakiangalia. Nissan ngazi yake iko juu, mlango mwembamba, na kiti kinafungwa nyuma na kamba na kikifika kimepinda gurudumu. Katiba Kifungu cha 54 inasema mlemavu ana haki ya kufikia uchukuzi wa umma, na mimi nimeikariri hiyo kuwaambia makonda na wananiambia nikapande Katiba.

Huyo mama wa nyonga ni mwenzangu hata kama hajijui. Kwa hivyo mkiandika orodha ya wazee, msiandike jina na nambari ya simu pekee. Andikeni anaweza kupanda ngazi ama hawezi, anahitaji mtu wa kumshika ama anaenda mwenyewe, ana kiti ama fimbo, anasikia simu ama anapigiwa kupitia mjukuu. Mkijua hivyo mapema mnamwekea kiti cha mbele kando ya dereva, ambacho ndicho cha chini kidogo na cha kushikilia, na kibao cha kukanyagia fundi wa mbao anakitengeneza kwa mia tano. Bila orodha hiyo kila safari itakuwa mshangao, na siku ya mshangao sisi ndio huachwa.

---

mwana_wa_ikutha:

Aisee asanteni, sikutarajia hivi. @pendo_wa_kayole nimekuskia, hiyo ya orodha naibeba vile ilivyo.

Swali. Kama hatununui gari, tunafanya nini na hizo pesa? Juu watu wameshakubali kutoa, na chama kikikaa na pesa bila kazi mnajua inaishaje. Na nitapataje gari itoke saa ya kliniki na irudi saa ya wagonjwa, kama hesabu ya konda ni ile?

---

konda_mstaafu:

Nunueni viti, si gari.

Nieleze. Mnaenda kwa sacco inayotembea hiyo njia, si kwa dereva, kwa ofisi. Mnasema, kila Jumanne tunataka gari moja itoke Mutha saa kumi na moja unusu, ijae isijae, na isirudi kabla ya saa tisa na nusu. Watu wetu wanalipa nauli ya kawaida. Viti vyenye havijajaa, chama kinalipa. Rudi kwa ile mfano yangu ya mia tatu. Wazee tisa wamepanda, wamelipa 2,700, viti vitano vimebaki, chama kinaongeza 1,500, mwenye gari amepata yake 4,200 kama imejaa. Na akiokota watu wawili njiani, chama kinalipa vitatu tu. Dereva hapotezi, kwa hivyo hana haja ya kuwachelewesha. Kurudi vilevile, na muongeze kitu kidogo cha kungoja, juu gari ikisimama mjini mchana kutwa imepoteza safari.

Linganisha hiyo na bei ya nissan, matairi, bima, na mshahara wa dereva. Mtatoboa mwaka na chenji.

---

daktari_wa_dispensari:

Mimi si daktari, ni afisa wa kliniki, jina la hapa lilinishika tu. Nimefanya kazi vituo vya mashambani, si Kitui lakini pembeni hapo.

Mnaongea magari, na hakuna mtu ameuliza kwa nini huyo mama aende siku ile. Tarehe ya kurudi huandikwaje? Mtu amekaa dirishani anafungua kalenda, anahesabu wiki nne, anaandika. Hajui unatoka wapi. Watu watano wa kijiji kimoja wanapewa siku tano tofauti, kila mmoja anatafuta probox yake. Nendeni mkaongee na msimamizi wa kliniki, hata kwa simu, mumwambie watu wa lokesheni hii waandikwe Jumanne. Hiyo ni kalamu tu, hailipiwi. Hiyo ndiyo itajaza gari ya konda bila chama kutoa mia tano hata. Na siku hiyo waombeni watu wa mbali waonwe kwanza, weka alama kwa kadi, wengi watakubali juu hata sisi hatupendi kuona mzee kwa benchi saa kumi jioni.

Pili, si kila safari ni ya lazima. Tangu Septemba 2023 kuna wale wahamasishaji wa afya ya jamii, kama laki moja nchi nzima, walipewa mkoba wenye mashine ya presha na ya sukari. Mzee ambaye presha yake imetulia anaweza kupimwa nyumbani na yule jirani, namba zikatumwa. Na mgonjwa aliyetulia uliza kama anaweza kupewa dawa ya miezi miwili ama mitatu, kwa wagonjwa wa ARV hiyo tulizoea kitambo. Kama duka la dawa la kituo halina akiba hawataweza, na huo ni ukweli wa huku, lakini uliza. Safari kumi na mbili kwa mwaka zinaweza kuwa nne.

Huyo wa dialisisi ni kando. Huyo hana siku ya kuruka, mashine mara mbili kwa wiki ama anajaa maji. Msimchanganye na gari ya Jumanne. Tafuteni nani anaenda Kitui siku zake kila wiki kwa kazi yake, mtu wa duka, mwalimu, mtu wa kaunti, mumfungie kiti kimoja kwa mwezi mzima mlipe mbele. Na siku akitoka kwa mashine huwa amelegea, presha iko chini, asiachwe akapande boda peke yake kutoka lami.

---

binti_kilindini:

Naongeza kidogo kuhusu usiku. Tanzania wana mpango unaitwa m-mama, wa mama wajawazito na watoto wachanga wakipata dharura. Unapiga 115 bure, kuna kituo cha simu, kama ambulensi haipo karibu wanaita dereva wa kawaida wa kijijini, amesajiliwa mapema, na akifikisha analipwa kwa simu. Dereva hangoji familia itafute pesa saa nane usiku. Kilichonipendeza ni hapo kwa malipo, watu wengi hukataa kutoka usiku si kwa roho mbaya, wameshabeba mgonjwa wakaambiwa "tutakulipa kesho". Chama chenu kikiweka hata akiba ndogo kwa M-Pesa ya mtu mmoja mwaminifu, dereva wawili watatu wa huko ndani wakijua pesa iko, watatoka.

---

mwalimu_wa_zamu:

Huyo mtu mmoja mwaminifu ndiye kazi yote. Ng'ambo wana ofisi na kompyuta, sisi tuna mama wa kibanda cha M-Pesa. Anajua kila mtu, simu yake iko hewani siku nzima, anajua nani amesafiri na nani yuko. Mpeni daftari na kitu kila mwezi, msimwambie ajitolee, mmesikia ile hadithi ya senti 14. Anapokea majina mpaka Jumapili jioni, Jumatatu anampigia mtu wa sacco anamwambia ni tisa, wawili hawapandi ngazi, mmoja anachukuliwa pale darajani. Hapa Nairobi watu walikaa wakachora njia zote za matatu kwa simu, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani, ramani ikatoka 2014. Ushago hakuna ramani, lakini njia ni moja, huyo mama anaiweka kichwani.

Na kabla msahau, Nairobi na Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a ziliundiwa mamlaka moja ya uchukuzi tangu 2017. Imefanya nini ni mjadala wa siku nyingine, lakini angalau mtu alikubali kwamba abiria havuki mpaka wa kaunti kwa pasipoti. Wa Mutha anayeenda Kibwezi ameingia Makueni, hospitali ya karibu inaweza kuwa huko. Huyo hana wa kumuuliza.

---

kijana_wa_kitengela:

Sawa nimekubali, MCA angoje. Lakini daftari la huyo mama mkishakaa nalo miezi sita, lipelekeni kwa kaunti wakati wa vikao vya bajeti. Jina, kijiji, siku, alisafiri ama alikosa, kwa nini. Kule huwa watu wanasimama na kusema "tuna shida ya usafiri" na inaandikwa "barabara" halafu greda linapita mara moja. Ukija na safari zilizokosa kufanyika zimeandikwa na tarehe, ni ngumu kukujibu na greda.

---

nilikuwa_ng'ambo:

@kijana_wa_kitengela hapo umegonga. Kule hicho kitu cha safari zilizokosa ndicho kilichokuwa kigumu kupata, juu kila mtu anaandika aliowabeba. Aliyekosa hana karatasi.

---

mwana_wa_ikutha:

Nimeandika hivi kwa simu, niambieni kama nimeruka kitu. Hatununui gari mwaka huu. Nampigia afisa wa kliniki Alhamisi niulize kama watu wetu wanaweza kuandikwa siku moja. Dadangu ako nyumbani anaanza orodha, na ile maneno ya ngazi na fimbo na nani anasikia simu. Mama wa M-Pesa pale sokoni namjua, alisoma na kakangu. Pesa tunagawa, viti vya Jumanne, kiti cha jirani yetu wa dialisisi, na akiba ya usiku. Tunajaribu miezi mitatu, na mwenye bado anataka nissan akitaka kubishana aje na risiti.

Kile sijui ni hiyo sehemu ya kutoka bomani mpaka lami. Mamangu bado hapandi boda.

---

konda_mstaafu:

Hiyo ya kutoka ndani lipa probox moja tu, ile dereva wake halewi, azunguke boma tatu nne asubuhi ya kliniki kabla mwanga uingie, siku nzima aendelee na zake. Mpe yake jioni ile kabla, si asubuhi, juu asubuhi atakuwa anangoja mteja mwingine. Mama akae mbele, kiti kisukumwe nyuma mpaka mwisho, aingie kwa makalio kwanza halafu miguu ifuate.

Na mkataba wa nissan uandikwe na ofisi ya sacco, uwe na muhuri. Ukielewana na dereva, siku akiumwa gari inapewa kijana wa skwodi na yeye hajui kitu inaitwa Jumanne.